Wimbo wa Cherehani

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na imeanza kwa fujo. Dirisha la kibanda changu halifungiki vizuri, kwa hiyo nimesogeza cherehani hadi ukutani na vitambaa vya sare nimevifunika kwa nailoni.

Nimesoma mpaka darasa la nne na sijasahau hata herufi moja, ingawa binti yangu husema mwandiko wangu unafanana na mshono wa mwanafunzi. Naandika kwa sababu mdomo wangu umechosha watu. Mama Mkaa, anayeuza mkaa mlango wa pili, ndiye aliyeniambia, "Dada, mengine yaandike, na sisi tupumue." Haya, nayaandika.

La kwanza ni Kinyozi. Duka lake linatazamana na kibanda changu, katikati barabara tu. Amenunua spika kubwa kama friji. Leo asubuhi, watoto wanapita kwenda shule, spika ikawa inaimba mambo ambayo mimi na marehemu mume wangu tulizaa watoto wanne bila kuyataja. Nikavuka na mvua yangu.

"Kinyozi, zima."

"Bibi, muziki tu huo."

"Muziki una ngoma. Huu una kitanda."

Wateja wake wakacheka. Akapunguza sauti. Niliporudi kukaa akaongeza.

La pili ni binti yangu. Anasimamia stoo ya hospitali mji mwingine, na amepiga simu tena kusema anataka mtoto wake aende shule ya bweni muhula ujao. Nimemwambia labda nikishazikwa. Mtoto huyo nimemlea tangu hajaota jino. Alikuwa akitambaa chini ya meza yangu akizunguka ovyo kama bobini, kile kidude cha uzi, iliyochomoka kwenye cherehani, nikamwita Bobini, jina likamganda. Leo ni msichana wa kidato cha pili na bado ni Bobini wangu. Haendi popote.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Sketi za shule, na zipu mbovu.

Ijumaa, 7 Machi

Wazee wa mtaa tumekutana kwa Mama Mkaa. Tumekubaliana kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuhusu hizi nyimbo. Mwalimu mstaafu alisema lugha inaharibika. Nikamwambia mwalimu, lugha haina shida yoyote, inatumika tu vibaya. Tulipokuwa wadogo hatukuwa wajinga wa mambo hayo. Watoto hawakununuliwa sokoni. Ila mambo yalikuwa na mlango, na mlango ulifungwa. Sasa mlango umeng'olewa, umewekwa barabarani, na mtoto wa chekechea anaupita akiwa na begi lake mgongoni.

Mwenyekiti ametuahidi kikao mvua ikipungua. Nimechaguliwa nizungumze kwa niaba ya wote. Wamechagua vizuri.

Jumanne, 11 Machi

Leo Kinyozi amenishangaza. Amekuja mwenyewe na mwavuli, amesimama mlangoni pangu kama mchumba.

"Bibi, umetulalamikia sana. Nimekutafutia wimbo wa heshima. Unasifu kazi yako."

"Kazi yangu ipi?"

"Sikiliza tu."

Akavuka, akauweka. Na kweli. Kijana anaimba kwa sauti nzuri kabisa, nyuma yake unasikia cherehani inakwenda, chaka-chaka-chaka. *Fundi kanyaga, kanyaga taratibu, bobini izunguke, uzi usikatike.* Nimeshona miaka yote hii, sijawahi kusikia mtu anamwimbia fundi. Wanaimbwa madereva, wanaimbwa wanajeshi, hata mtu aliyeachwa na mke anaimbiwa. Sisi tunaowavika wote hao, kimya. Na humo ndani limo jina la mjukuu wangu.

Nikampigia Kinyozi makofi kutoka huku. Nikamwambia aurudie, aongeze sauti. Vijana waliokuwa dukani kwake walifurahi mpaka wakashikana mabega.

Bobini alirudi kutoka shule wimbo umerudiwa mara ya tatu. Akasimama mlangoni anavuja maji.

"Bibi, waambie wazime."

"Wazime nini? Tumeimbwa."

"Si sisi."

"Mtaa huu nani mwingine ana cherehani na bobini?"

Akaingia chumbani na viatu vyake vya tope. Nikamsema kuhusu viatu.

Alhamisi, 20 Machi

Wimbo uko kila mahali. Fundi simu anao, muuza ndoo anao, hata wapita njia wanaimba. Vijana wa Kinyozi wakiniona asubuhi wananiita, "Fundi, kanyaga." Nawajibu, "Nakanyaga, mwanangu." Wanacheka mpaka wanashika ukuta. Vijana wa siku hizi furaha yao iko karibu sana.

Nimeanza kuukanyagia cherehani. Mwendo wake unafaa kwa pindo ndefu.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikuwa nakata kola, Bobini ananishikia kitambaa. Hakuwa ameniambia neno tangu asubuhi. Halafu akasema, anaangalia mkasi:

"Bibi, usiwe unaniita Bobini barabarani."

"Nikuiteje, bosi?"

"Jina langu."

"Jina lako liko kwenye cheti. Bobini liko mdomoni mwangu."

"Watu wananicheka."

"Wanakucheka kwa kuwa mjukuu wa fundi? Haya waache wacheke, siku nisipowashonea watacheka uchi."

Yeye hakucheka. Nikamwambia nilichokiona, kwamba shule imemtia majivuno, sasa anaona aibu kazi iliyomlisha uji, ikamnunulia sare anayoringia. Alikiachia kitambaa kikaanguka chini. Kilikuwa cheupe. Nimekifua mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Mjukuu wangu amebadili njia. Zamani akitoka shule alipita barabara kubwa, akaingia hapa kibandani, akala, akanitungia uzi kwenye sindano maana macho yangu yamechoka. Sasa anapita kule nyuma, kwenye mfereji, ambako hata mbuzi wanafikiria mara mbili. Anafika nyumbani tope limempanda magotini.

Mtoto hapiti tope bila sababu, na sababu ya umri wake huwa imevaa suruali. Nimemwuliza ni nani. Amesema hakuna mtu. Nimemwuliza tena kwa sauti. Amesema, "Bibi, hutaelewa." Mimi nisiyeelewa nimeelewa mambo mengi kabla mama yake hajazaliwa.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua. Hatuongei.

Jumapili, 30 Machi

Binti yangu amepiga simu. Nilijiandaa kwa vita vya siku zote, lakini amekuja na silaha mpya.

"Mama, safari hii siyo mimi. Yeye mwenyewe ameomba bweni."

"Nani?"

"Mwanangu. Amenipigia analia. Hakusema kwa nini. Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu huku. Kuna mvua."

"Mama."

"Nimekuambia mvua."

Nimekata simu. Nimekaa na cherehani mbele yangu na sikushona. Mtu unayemfuta kamasi anakupita pembeni, anakwenda kushtaki. Nimemtazama akila leo, ameinamia sahani, nikaona kama nimeketi na mpangaji.

Jumatano, 2 Aprili

Leo kuna jambo.

Mvua ilikuwa imeziba njia ya mfereji, kwa hiyo ilibidi apite barabara kubwa. Nilimwona kwa mbali anakuja upande wa Kinyozi, mwavuli chini, kichwa chini, miguu mbiombio. Nikafurahi, nikadhani amejirudi. Nikasimama mlangoni nikamwita kwa sauti yangu yote, ile ya kuvuka barabara.

"Bobini! Zunguka uje huku, unitungie uzi!"

Kwa Kinyozi kukalipuka kicheko kama dari imeanguka. Wapo vijana watano sita hukaa pale hata kama hawana nywele za kunyoa. Mmoja ninamwita Miwani, kwa sababu huvaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Lori likapita mbele yangu, sikuona kitu. Lilipomaliza kupita nikamwona mjukuu wangu anampiga Miwani kofi, miwani ikaruka ikaingia kwenye dimbwi.

Nilivuka hata sijui nilivukaje. Mtoto niliyemlea mimi, kumpiga mtu mzima hadharani.

"Umefanya nini?"

"Bibi, amenishika."

"Amekushika wapi? Mtu amesimama dukani, wewe unapita, amekushika vipi?"

Miwani akasema, "Bibi, mimi nilikuwa namkumbusha tu, anaitwa na wewe." Wakacheka tena. Kinyozi alikuwa ndani, mashine mkononi, hakucheka wala hakusema.

Nikamshika mjukuu wangu shingo kwa nyuma, nikamwambia aombe radhi. Akakataa. Nikabana. Akasema "samahani" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, kavu, mvua inamchirizika usoni. Miwani akajibu, "Nimekusamehe, Bobini." Nikaona yamekwisha.

Nyumbani hakula. Amejifungia. Nimeuambia mlango kwamba heshima ni heshima. Mlango haukunijibu.

Alhamisi, 3 Aprili

Ameniamkia, amekwenda shule. Nimemwita Bobini, hakugeuka.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua imepungua. Mwenyekiti ametuma salamu: kikao keshokutwa.

Jumatano, 9 Aprili

Nitaandika yote, hata kama nitamaliza wino.

Kikao kilikuwa barazani kwa mwenyekiti. Wazee tulikaa kwenye benchi, Kinyozi na wenye maduka ya muziki walisimama pembeni kama watuhumiwa, na vijana walijaa nje kwenye uzio kwa sababu mvua haikuwepo na hawana kazi. Mwalimu mstaafu alifungua kwa maneno marefu. Watu wakaanza kupiga miayo. Mwenyekiti akasema, "Sasa tumsikie Bibi Fundi."

Nikasimama. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kola ya kamba, nililoshona mwenyewe. Nikasema hatupingi muziki. Nikasema tunapinga uchafu kumwagwa barabarani saa ya watoto, nyimbo zinazomtaja mwanamke vipandevipande kama nyama buchani. Wazee wakaitikia. Nikaona ninawaka vizuri.

Mwenyekiti akaniuliza, kwa upole, "Sasa Bibi, hawa vijana watajuaje upi mchafu na upi msafi? Tupe mfano."

Nikasema mfano upo. Nikasema hata Kinyozi, pamoja na makosa yake, ametuletea wimbo mmoja unaosifu kazi halali ya mikono. Na ili pasiwe na ubishi, nikauimba. Niliimba vizuri. Nikaonyesha na mguu jinsi fundi anavyokanyaga, na kidole jinsi bobini inavyozunguka.

Mwalimu mstaafu alivua kofia, akaikagua ndani. Mwenyekiti akatazama dari. Halafu kule kwenye uzio vikaanza vicheko, kimoja, viwili, kisha uzio mzima. Mtu mmoja akapaza sauti, "Bibi, kanyaga." Nilidhani wananishangilia. Nikarudia kibwagizo.

"Bibi," mwenyekiti akasema, "kaa tafadhali."

"Sijamaliza."

"Umemaliza, Bibi. Kaa."

Nikamtazama Kinyozi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Mtu aliyenichezea shere angecheka saa ile, ndiyo ilikuwa saa yake. Hakucheka. Hapo ndipo nilipokaa.

Mama Mkaa alinishika mkono akanitoa nje kwa njia ya jikoni. Akaniketisha juu ya ndoo. Akaniambia maana ya ule wimbo: sindano ni nini, kukanyaga ni nini, na bobini ni nini na iko wapi kwenye mwili wa mwanamke. Alitumia sentensi mbili. Sitaziandika. Nilihisi kama mtu ameingia kwenye sanduku langu la kazi, akatoa kila kifaa na kukirudisha kimepakwa kinyesi.

"Wewe ulijua?" nikamwuliza.

"Nilijua."

"Ukaniacha?"

"Dada, kukuambia wewe kitu ni kibarua. Nilikuambia ule wimbo si mzuri. Ukaniambia nina wivu kwa sababu mkaa haujaimbwa."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Nilicheka kidogo, kwa hasira. Halafu kicheko kikanikatikia katikati, maana nilimkumbuka mjukuu wangu.

Mtaa mzima unajua bobini ni nini. Na mimi kila siku nasimama mlangoni, kwa sauti ya kuvuka barabara, namwita mtoto wa shule kwa neno hilo mbele ya wanaume. Zunguka uje huku. Nikamwona amesimama mvuani, mkono wangu shingoni, anamwomba radhi mtu aliyemshika. Alisema, "Amenishika." Alisema kwa mdomo wake, nami nikamwuliza vipi.

Alipotoka shule nilimsubiri mlangoni. Nikasema, "Leo nimeujua ule wimbo."

"Nimesikia," akasema. "Shule nzima imesikia. Umeucheza."

Akaingia ndani.

Alhamisi, 10 Aprili

Sikuweza kushona. Kila nikikanyaga, cherehani inaimba.

Nimevuka kwenda kwa Kinyozi. Mvua ilikuwa ya manyunyu tu. Miwani alikuwa kwenye kiti, shavu moja lina povu, jingine limenyolewa. Wengine walikuwa kwenye benchi. Wimbo ulikuwa unaimba, ule ule. Nikavuta kigoda nikaketi mbele ya Miwani, goti kwa goti.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Kijana, mimi ni fundi, wewe ni mpenzi wa wimbo wa mafundi. Nieleze. Bobini ni nini?"

Akamtazama Kinyozi kwenye kioo.

"Si kile kidude cha kuzungushia uzi, Bibi?"

"Hicho nakijua. Cha kwenye wimbo."

"Ni... ni mafumbo tu."

"Fumbua."

Benchi likaacha kucheka. Mmoja akakumbuka ana safari, akatoka.

"Bibi, siwezi kukuambia wewe mambo hayo."

"Kwa nini?"

"Wewe ni mtu mzima. Ni kama bibi yangu."

"Kwa hiyo mimi mtu mzima, niliyezaa na kuzika, huwezi kuniambia. Ila mtoto mwenye daftari za hesabu mkononi unaweza. Yeye unaweza hata kumwonyesha kwa mkono."

Povu lilikuwa linamkauka shavuni. Akasema, "Ulikuwa utani."

"Ulimshika wapi?"

Akageukia mlango.

"Nionyeshe kwenye mwili wangu. Mimi ni bibi yako, haina neno. Nishike pale ulipomshika."

Hakuinua mkono. Alikuwa amevishika vipini vya kiti kama mtu anayeng'olewa jino. Nikamwambia, "Basi unajua." Nikasimama.

Kinyozi alizima spika bila kuambiwa. Akauweka wembe chini.

"Bibi, nisamehe. Nilitaka kukutania tu, kwa vile unatusumbua. Sikufikiria mbali."

"Kunitania mimi si kitu, ngozi yangu imekomaa. Lakini uliona siku ile. Ulikuwa humu ndani na macho yako mawili, ukaniona namwombesha radhi mtoto aliyeshikwa. Ungesema neno moja tu."

"Niliona aibu."

"Wewe uliona aibu. Aliyelowa ni yeye."

Kimya kilipoingia mle dukani, tukausikia wimbo unatokea kwa fundi simu, duka la nne kutoka pale. Hata hakuna aliyejifanya hasikii.

Jioni nilimwambia mjukuu wangu. Nilijua atafurahi. Nilimweleza povu, vipini vya kiti, kila kitu, hata nikamwiga Miwani. Alikuwa anapiga pasi sare yake. Akaendelea kupiga pasi mahali pale pale mpaka nikasikia harufu ya kuungua.

"Kwa hiyo sasa kila mtu anajua amenishika."

"Nimekutetea."

"Umewauliza wao bobini ni nini. Umewauliza wao nilishikwa wapi. Mimi hukuniuliza."

Nikamwondolea pasi juu ya sketi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua kubwa. Sketi yake imeungua, nimeitoa kipande na kuweka kingine. Hakuonekana kuona.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwuliza. Tulikuwa tunachagua maharage mezani, mikono ina kazi, ni rahisi zaidi hivyo. Nikamwambia, niambie yaliyokupata, sitakukatiza. Nilimkatiza mara moja tu.

Akaniambia ilianza wiki ile ile wimbo ulipotoka. Kwanza walikuwa wanaimba tu akipita. Halafu wakajua kwamba anaitwa hivyo kweli, kwa sababu mimi nilipaza sauti, ikawa kama wamepewa ruhusa ya nyumbani. Shuleni wakalipata jina hilo. Mvulana mmoja akaliandika ubaoni. Akaanza kupita mferejini.

Nikamwuliza, "Na wewe na wenzako, hamuziimbi nyimbo hizo? Nimekusikia bafuni."

"Naziimba."

"Sasa?"

"Bibi, nikiimba naimba mimi. Nikiimbiwa njiani ni kitu kingine. Hata wewe ungekuwa msichana ungejua."

Nilitaka kusema kwamba mimi msichana nilikuwa, na kwamba uchafu ni uchafu hata mwenye kuuimba akiwa bafuni. Bado naamini hivyo. Lakini niliona tayari nimeshaimba mbele ya mwenyekiti, sina mahali pa kusimama kwa leo. Nikachagua maharage.

Akasema, "Wale nilikuwa nawapita tu. Lakini wewe, kwako ndiko nilikuwa narudi."

Nikasema samahani. Niliisema nikiwa nimetazama bakuli. Akaniambia niiseme tena nikimtazama yeye. Nikaisema tena. Ni neno gumu kweli likitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Siku ile pale dukani nililitoa kooni mwake kwa kubana.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Hili jiwe," akalitoa kwenye maharage yangu.

Alhamisi, 17 Aprili

Kinyozi anapiga habari za redio asubuhi mpaka watoto wapite. Baadaye anaendelea na yake. Mwenyekiti ametoa tangazo kuhusu sauti, siyo maneno. Mwalimu mstaafu anasema ni mwanzo. Wimbo bado upo. Miwani amehamia kunyolewa mtaa wa chini.

Nimemwita mjukuu wangu kwa jina lake la cheti. Ulimi ulijikwaa, kama natamka jina la mtoto wa mgeni. Aligeuka mara moja.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua ya mwisho mwisho. Wateja wa sare wamejaa.

Jumamosi, 26 Aprili

Binti yangu amekuja jana. Amepata nafasi ya bweni. Aliniwekea karatasi ya mahitaji ya shule mezani, akakaa mkao wa vita, mikono kifuani. Nikamwambia, "Usinitazame mimi. Mwulize mwenyewe."

Akageuka kumtazama mtoto wake. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa na maneno mengi tayari, ya kumfanya abaki. Yale ninayoyajua sana, ya uji na ya kutambaa chini ya meza. Yalinijaa mdomoni mpaka meno yakauma. Sikuyatoa.

"Nitakwenda," akasema.

Mama yake akanitazama akisubiri nilipuke. Nikasema, "Rangi gani ya sketi?"

"Mama, sare wanauza hukohuko."

"Za kiwandani zinafumuka mapajani kabla ya mwezi. Rangi gani?"

Bluu iliyoiva. Kitambaa ninacho.

Leo asubuhi kibandani nikavaa miwani yangu, nikachukua futi ya kupimia, nikamwambia inua mikono. Akainua. Futi ilipomgusa kiunoni alishtuka, akaruka nyuma hatua nzima, mgongo ukagonga meza. Mimi ndiye ninayempima tangu ana kimo cha kigoda. Mama yake aliona. Alimwona yeye, akaniona mimi, akaelewa kwamba kuna jambo alilofichwa, na nitamweleza lote leo mchana, sitampunguzia hata langu.

Nikaiondoa futi. Nikampa mkononi.

"Jipime mwenyewe. Nitakuambia pa kuweka, wewe nisomee."

Akajizungushia kiuno. "Isibane," nikasema, "weka kidole ndani." Akaweka kidole. Akasoma, nikaandika. Akapima nyonga, akasoma, nikaandika. Akapima urefu mpaka gotini, akainama kidogo, nikamwambia simama wima, akasimama. Mashine yangu ilikuwa imenyamaza na barabara nayo ilikuwa imenyamaza, maana ilikuwa mapema. Nilikaa kwenye kigoda changu mikono mapajani, sijui pa kuipeleka.

Yakabaki mabega. Akajaribu kuirusha futi nyuma ya mgongo, ikaanguka. Akajaribu tena. Mama yake alitaka kunyanyuka, nikamtolea jicho akakaa.

Mtoto akaokota futi. Akasimama kidogo, ananipa mgongo.

"Hapa sifiki," akasema. "Njoo unipime wewe, Bibi. Taratibu."

Nikanyanyuka. Nikajipangusa mikono kwenye gauni kwanza.